PILÂTRE DE ROZIER: MTU WA KWANZA KURUKA ANGANI, NA WA KWANZA KUFA KWA AJILI YA KURUKA



Kila mara ndege ndogo inapopita juu ya Butembo ikitafuta kiwanja cha Rughenda, watoto wanaacha mchezo na kuinua macho. Ni vile vile huko Beni kwa wale wanaokaa upande wa Mavivi. Hata sisi wakubwa tunatazama, ingawa tunajifanya hatuna habari nayo. Ukiuliza darasani ni nani aliyeruka angani wa kwanza, wengi watajibu mara moja: ni ndugu wawili Wamarekani, jina lao Wright, mwaka wa 1903. Jibu hilo ni la kweli kwa ndege yenye mota. Lakini miaka 120 mbele yao, mtu alikuwa amekwisha kupanda hewani. Alipanda bila mota wala mabawa, akibebwa na puto kubwa la kitambaa na karatasi, chini yake moto wa majani makavu. Jina lake ni Jean-François Pilâtre de Rozier. Na huyo huyo aliyetufungulia njia ya anga, kabla miaka miwili haijatimia, alikufa yeye na mwenzake katika aksida ya kwanza ya angani iliyoua watu.

Tumechagua kuwaelezea maisha yake kwa sababu mbili. Ya kwanza, yanatusaidia kufahamu masomo yetu ya fizika na ya kimia. Ya pili, mtu huyu hakufa juu ya ujinga. Alijua hatari yote, akaiona, akaieleza kwa wengine, na kisha akapanda. Juu ya nini? Hilo ndilo tutakalolitafuta.

1. MTOTO WA METZ

Pilâtre alizaliwa tarehe 30 Machi 1754 katika mji wa Metz, upande wa mashariki wa Ufaransa. Wazazi wake hawakuwa watu wa jina kubwa. Baba yake alikuwa askari mbeleni, kisha akafungua nyumba ya kupokea wageni wa safari. Walitaka kijana wao ajifunze kazi ya kupasua wagonjwa katika hospitali ya askari. Kijana alijaribu, lakini hakuweza kuvumilia kazi ile. Akaenda kwa mtengeneza dawa, na huko ndiko alikopata mapenzi yake ya kweli: chupa, unga, maji makali, moshi wa rangi mbalimbali, yaani kimia.

Alipokuwa kijana bado, aliondoka Metz akaenda Paris bila utajiri, kama vile vijana wengi wa kwetu wanavyoshuka kutoka Kyondo ao Lubero kwenda kutafuta maisha Butembo. Alikuwa na akili nyepesi, ulimi mzuri, na ujasiri mwingi. Alijifunza, akafundisha fizika na kimia katika mji wa Reims, kisha akarudi Paris.

2. MWALIMU ALIYEPENDA KUONYESHA

Wakati ule Paris ilikuwa na njaa ya elimu. Watu wakubwa walipenda kuona mambo mapya ya sayansi kama sisi tunavyopenda kuona mpira. Pilâtre alifahamu hali hiyo. Akapata msaada wa ndugu wa mfalme, na mwezi wa Desemba 1781 akafungua nyumba yake ya masomo, yenye vyombo, vitabu na mashine. Watu walilipa, wakaingia, wakatazama majaribio na kusikiliza masomo. Wanawake pia walikubaliwa, jambo lisilokuwa la kawaida siku zile.

Alikuwa mwalimu asiyependa kusema tu. Alipenda kuonyesha. Alitengeneza kifuniko cha uso cha kuwasaidia watu wanaoshuka katika mashimo yenye hewa mbaya, na yeye mwenyewe akaingia katika hewa ile kukijaribu. Wanahadithia tena kwamba alikuwa anavuta ndani ya kinywa chake gazi ya hidrojeni, kisha anaitoa polepole katika kijiti na kuiwasha, mpaka moto ukaonekana unatoka mdomoni mwake. Siku moja alichanganya gazi ile na hewa ya kawaida, ikapasuka ndani ya kinywa chake kwa kishindo, hata akafikiri meno yake yote yamekwisha kwenda.

Wasomaji, shikeni jambo hilo. Mtu huyu alijua, kwa kinywa chake mwenyewe, kwamba hidrojeni na moto havikai pamoja.

3. PUTO LA HEWA MOTO NA PUTO LA GAZI

Mwaka wa 1783, ndugu wawili wenye kiwanda cha karatasi, Joseph na Étienne Montgolfier, walionyesha mbele ya watu katika mji wao wa Annonay jambo ambalo halijaonekana. Walitengeneza mfuko mkubwa wa kitambaa na karatasi, wakawasha moto chini yake, na mfuko ukapanda peke yake juu sana. Ilikuwa tarehe 4 Juni. Habari ikafika Paris kama moto wa kiangazi.

Hapa tueleze neno. Puto tunalolisema si ule mpira tunaoupiga uwanjani, ingawa Wafaransa wanaviita vyote viwili kwa neno moja. Ni mfuko mkubwa kupita nyumba. Unapanda kwa sababu gani? Tazameni mbabula ya mama jikoni: makala yakishika vizuri, majivu mepesi na cheche vinapanda juu. Hewa ikipata moto inatanuka, na ikitanuka inakuwa nyepesi kuliko hewa baridi iliyo kando yake. Mita moja kibiki ya hewa ya kawaida ina uzito wa kilo 1.2 hivi. Ukiipasha moto mpaka digri 100, uzito unashuka karibu na gramu 950. Basi kila mita kibiki inaweza kuinua gramu 250 tu. Ndiyo sababu puto la hewa moto sherti liwe kubwa sana, na moto usizimike, kwa maana hewa ikipoa puto linashuka.

Mwalimu mwingine wa fizika, jina lake Jacques Charles, alitumia njia nyingine. Alijaza puto lake gazi ya hidrojeni, ambayo uzito wake kwa mita kibiki haufiki gramu 100. Gazi hiyo inainua zaidi ya kilo moja kwa kila mita kibiki, na haihitaji moto. Puto lake la kwanza, lisilo na mtu ndani, lilipanda Paris tarehe 27 Agosti 1783. Likaanguka katika kijiji cha Gonesse, na wanakijiji, wakifikiri ni nyama mbaya ametoka mbinguni, wakalichoma kwa mikuki ya kulimia. Tusiwacheke. Je, kwetu ingekuwa namna gani kama kitu kile kingetua katika shamba la mihogo bila kupiga hodi?

Kwa hiyo kulikuwa na njia mbili: moto bila hidrojeni, ao hidrojeni bila moto. Kila moja ilikuwa na faida yake. Hatari kubwa ilikuwa katika kuziunganisha.

4. TAREHE 21 NOVEMBA 1783

Tarehe 19 Septemba 1783, huko Versailles, mbele ya mfalme Louis wa 16, ndugu Montgolfier walipandisha kondoo, bata na jogoo. Wanyama walikaa hewani dakika 8 hivi, wakashuka wazima. Sasa ikabaki mtu. Mfalme aliogopa, akataka watumwe wafungwa wawili waliohukumiwa kufa. Pilâtre akakasirika. Aliona si haki heshima ya kupanda angani mara ya kwanza ipewe watu waliohukumiwa. Rafiki yake, bwana mkubwa mmoja jina lake marquis d'Arlandes, alikwenda kumwombea, mpaka mfalme akakubali.

Pilâtre hakurukia jambo bila kujipima. Kuanzia tarehe 15 Oktoba alijaribu puto likiwa limefungwa kwa kamba, mara ya kwanza mita 25 hivi, kisha juu zaidi. Alijifunza kuongeza moto ili apande, na kuupunguza ili ashuke. Mambo hayo tuyaandike kwa sifa yake: alianza kidogo, akarudia, akajifunza.

Kisha ikafika ile siku kubwa. Tarehe 21 Novemba 1783, karibu saa nane za mchana, puto lenye urefu wa zaidi ya mita 20 lilipanda kutoka bustani ya La Muette, Pilâtre upande mmoja na d'Arlandes upande wa pili. Hawakufungwa na kamba yoyote. Walipita juu ya mto Seine na juu ya mapaa ya Paris, watu chini wakinyamaza kwa mshangao. Moto ulianza kutoboa kitambaa na kuunguza kamba. Walikuwa na sifongo na maji, wakazima hapa na pale kama mtu anayezima cheche katika paa la majani. Baada ya dakika 25 hivi walitua mahali paitwapo Butte-aux-Cailles, kilometa 9 hivi toka walipoondoka. Walikuwa wazima wote wawili. Tangu siku ile binadamu si kiumbe cha nchi na maji tu.

5. LYON: ABIRIA KUPITA KIPIMO

Tusifikiri kwamba kila safari ilikuwa ya elimu. Mara moja watu wakubwa walitaka kupanda ili wajifurahishe na kutazama nchi kutoka juu. Huko Lyon, Joseph Montgolfier alitengeneza puto kubwa kabisa, jina lake Flesselles. Lilikuwa limekwisha kulegea kwa mvua, theluji na moto wa majaribio. Pilâtre alipolitazama alisema wasipande watu wengi: watatu wangetosha.

Tarehe 19 Januari 1784, siku ya kuondoka, mabwana wakubwa walikuwa wamekwisha kukaa katika nafasi zao. Waliombwa kushuka. Wakakataa. Kila mmoja alikuwa na cheo chake, na hakuna aliyetaka kuonekana mdogo mbele ya umati. Wanaeleza kwamba wengine walishika silaha mkononi. Wakakata kamba wakiwa sita, na puto lilipoanza kuinuka, kijana mmoja aliyesaidia kulitengeneza aliruka ndani. Wakawa saba.

Sisi wa barabara ya Butembo na Beni, je, hatuoni picha hiyo? Shoferi anasema motokari imejaa. Sisi tunasema tutabanana. Na yule wa mwisho ananing'inia nyuma wakati magurudumu yanazunguka.

Puto lilipanda juu sana, na watu walipiga makelele ya furaha. Baada ya dakika 15 hivi, kitambaa kilichochoka kikapasuka. Wakashuka kwa mbio ya kutisha. Kwa rehema hakuna aliyekufa: wote saba walitoka na majeraha madogo, na mji wote ukawashangilia, wakabebwa kama washindi. Labda hapo ndipo palipoanza ubaya. Wangeumia sana, watu wangejifunza. Walipopona, watu walijifunza kinyume.

6. SAFARI NZURI KULIKO ZOTE

Tarehe 23 Juni 1784 Pilâtre alipanda tena kutoka Versailles, mbele ya mfalme wa Ufaransa na mfalme wa Sweden, pamoja na mwanakimia Joseph Proust. Puto lao lilipita mawingu na kufika mita 3000 hivi. Huko juu walikuta baridi na theluji, wakaona mawingu chini yao kama sisi, asubuhi nzuri pale Beni, tunavyoona mawingu yakikaa chini ya vilele vya Rwenzori. Walikwenda kilometa 52 kwa muda wa dakika 45. Hiyo ni karibu njia yote kutoka Butembo mpaka Beni. Tunaomba wasomaji wapime wenyewe kama motokari ya leo, wakati wa mvua, inaweza kufanya hivyo!

Hakuna mtu aliyekuwa amefika mbali vile ao juu vile kwa puto la hewa moto. Pilâtre alikuwa na miaka 30. Jina lake lilikuwa katika kila kinywa.

7. DENI LA BOULOGNE

Sasa akatafuta jambo kubwa zaidi: kuvuka bahari kutoka Ufaransa mpaka Uingereza. Mahali bahari ile ni nyembamba inapata kilometa 33 hivi. Serikali ya Ufaransa ikampa feza. Naye akafikiri chombo kipya: juu, puto la mviringo la hidrojeni, chini yake, mfuko wa hewa moto wenye jiko. Hidrojeni ingefanya kazi kubwa ya kubeba, na moto ungetumika kupanda na kushuka bila kutupa mizigo wala kupoteza gazi. Kwa hesabu ya karatasi, akili hiyo ilikuwa nzuri sana. Kwa hesabu ya moto, ilikuwa hatari kubwa.

Hapa Butembo tunawajua wauza esansi wa kando ya barabara, wale wanaoitwa kadhafi. Hakuna mmoja wao anayewasha mbabula katikati ya bido zake. Charles, yule mwalimu wa hidrojeni, alimwonya Pilâtre kwa mfano wa namna hiyo: alimwambia kwamba anaweka moto chini ya pipa la baruti. Pilâtre alisikia. Tumekwisha kuona kwamba yeye mwenyewe alijua.

Alifika Boulogne, kando ya bahari, akangoja upepo. Lakini sehemu zile upepo mara nyingi unatoka magharibi, yaani unatoka upande wa Uingereza kuja Ufaransa. Wiki zikapita, miezi ikapita. Kitambaa kikaharibika kwa mvua na hewa ya bahari, panya wakakitafuna, wakashona viraka. Wakati yeye anangoja, mwenzake katika mashindano, Jean-Pierre Blanchard, pamoja na mganga Mmarekani John Jeffries, aliondoka upande wa Uingereza na puto la hidrojeni bila moto. Tarehe 7 Januari 1785 wakavuka, ingawa iliwapasa kutupa baharini vitu vyote, hata mavazi yao, ili wasizame.

Basi heshima ya kwanza ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Pilâtre angeweza kurudi nyumbani. Wanahistoria wanaeleza kwamba alitaka kuachwa, lakini Calonne, waziri wa feza, alimjibu kwa ukali kwamba feza ya serikali imekwisha kutumika, kwa hiyo sherti avuke. Tena magazeti na watu wa mjini walikuwa wanamcheka: huyu kila siku anasema kesho. Huko Boulogne alikuwa amepata mchumba, msichana Mwingereza jina lake Susan Dyer, na wanasema msichana huyo alimsihi sana asipande.

Mzigo wake ulikuwa huo: deni upande mmoja, aibu upande wa pili, na sauti ya mpendwa katikati. Wale wanaomwita mjinga hawajawahi kudaiwa.

8. ASUBUHI YA TAREHE 15 JUNI 1785

Asubuhi ile, karibu saa moja, upepo ulionekana kukubali. Pilâtre alipanda pamoja na Pierre Romain, aliyesaidiana naye kulitengeneza puto. Kulikuwa na bwana mwingine, marquis de la Maisonfort, aliyetaka sana kwenda nao na aliyekwisha kutoa feza kwa ajili ya nafasi. Pilâtre alimkatalia. Alimwambia kwamba hawana hakika ya upepo wala ya chombo. Tuheshimu jambo hilo. Nafsi yake aliiweka katika hatari, lakini nafsi ya abiria hakutaka kuichukua.

Puto lilipanda vizuri, likaelekea juu ya bahari. Kisha upepo ukageuka, ukawarudisha nchi kavu. Walikuwa wamekaa hewani nusu saa hivi, kilometa 5 hivi toka Boulogne, urefu wa mita 500 karibu. Watu waliokuwa chini waliona wale wawili wakifanya haraka haraka, kama watu walioona jambo baya. Kisha puto la juu likakunjamana, na vyote vikaanguka karibu na Wimereux, kando ya bahari. Pilâtre alikuwa amekufa. Romain aliishi dakika chache tu, kisha naye akakata roho. Pilâtre alikuwa na miaka 31.

Sababu ni nini? Wengine waliona moto na moshi, na wanasema hidrojeni iliyotoka puto la juu ilikutana na jiko, ao na cheche ya umeme. Wengine wanasema walipovuta kamba ya mlango wa gazi, kitambaa kilichochoka kikapasuka, gazi ikatoka mara moja, na jiko halikuhusika. Wataalamu wamebishana mpaka leo. Lakini njia zote mbili zinafika mahali pamoja: chombo kilichokaa miezi mingi katika mvua na meno ya panya hakikufaa tena kubeba watu, na mwenye chombo alijua.

Wanasema Susan Dyer naye alikufa siku chache nyuma, kwa huzuni. Pilâtre na Romain walizikwa Wimille, na mahali walipoanguka pakawekwa jiwe la ukumbusho.

9. MAPUTO YA LEO NA NCHI ZETU ZA AFRIKA

Je, kazi yake ilipotea? Hapana. Wazo lake la kuunganisha gazi na hewa moto halikuwa baya. Gazi ndiyo iliyokuwa mbaya. Siku zetu wanatumia helium, gazi nyepesi isiyowaka hata kidogo. Maputo ya namna hiyo yanaitwa mpaka leo Rozière, kwa jina lake. Mwezi wa Machi 1999 Mswisi Bertrand Piccard na Mwingereza Brian Jones walizunguka dunia yote bila kutua, ndani ya puto la namna ile. Basi mtu aliyeshindwa kuvuka kilometa 33, wazo lake lilizunguka dunia miaka 214 nyuma ya kifo chake.

Afrika ya Mashariki pia ina sehemu katika habari hii. Mwaka wa 1863 Mfaransa Jules Verne aliandika hadithi ya watu wanaovuka Afrika kwa puto, wakianzia Zanzibar. Ilikuwa hadithi tu. Lakini mwaka wa 1962 Mwingereza Anthony Smith na wenzake waliondoka kweli Zanzibar kwa puto la hidrojeni lililoitwa Jambo, wakavuka bahari mpaka bara, kisha wakapita juu ya wanyama wa mbugani. Tangu mwaka wa 1976 maputo ya hewa moto yanabeba watalii Maasai Mara huko Kenya, na nyuma yake yakaanza Serengeti, Tanzania. Asubuhi mapema, kabla upepo haujapata nguvu, watalii wanapanda kutazama nyumbu na twiga kutoka juu.

Maputo hayo yanatumia nailoni badala ya karatasi, na gazi ya kupikia badala ya majani makavu. Lakini moto ni moto. Tarehe 26 Februari 2013, huko Luxor, Misri, puto lenye watu 21, lililokuwa linatalisha wageni juu ya mashamba na makaburi ya wafalme wa kale, lilishika moto lilipokuwa linatua. Mpira wa kupitishia gazi ulikuwa umetoboka. Puto lilipanda tena likiwaka, kisha likaanguka. Watu 19 walikufa. Ilipita miaka 228 tangu Pilâtre, na sababu ni ndugu ya ile ya zamani: gazi mahali isipotakiwa, karibu na moto.

10. TUNAJIFUNZA NINI?

Wanafunzi wenzetu, mara nyingi tunafundishwa kwamba elimu inaokoa. Ni kweli, lakini maisha ya Pilâtre yanaonyesha kwamba kujua peke yake hakutoshi. Alijua hidrojeni, alijua moto, alijua hali ya kitambaa. Kilichokosa ni nguvu ya kusema mbele ya watu: leo siendi. Neno hilo ni gumu kuliko kupanda mita 3000. Ni gumu kwa shoferi ambaye tajiri anangoja feza ya siku. Ni gumu kwa fundi aliyekwisha kupokea nusu ya malipo. Ni gumu hata kwa mwanafunzi ambaye wenzake wanamcheka akikataa kuruka juu ya kamio linalopita.

Lakini tusiyasahau maneno ya upande wa abiria. Wale mabwana wa Lyon waliokataa kushuka hawakuwa na deni lolote, walikuwa na kiburi tu. Kila mara tunapomlazimisha shoferi atubebe juu ya mizigo, sisi ndio mabwana wale. Na tumkumbuke Maisonfort, aliyebaki chini asubuhi ile na feza yake, labda kwa hasira. Aliona puto linaanguka, akarudi nyumbani kwake kwa miguu yake mwenyewe.

Likizo inakaribia, na wengi wetu tutapanda motokari za kwenda Beni, Oicha, Lubero na kwingineko. Shoferi akisema imejaa, tukubali, tungoje ile ya nyuma. Tutafika tumechelewa, lakini tutafika.

Safari njema kwenu ninyi wote.